Kabla ya Kusema "Wametuibia"

Julai ikikaribia, Nairobi ikiwa kwenye baridi yake na watu wamejifunga masweta, wanafunzi wa sheria huanza kuulizana nani amepata nafasi kwenye semina za likizo kuhusu mali ya ubunifu. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, huendesha za kwake Geneva na katika nchi nyingine kadhaa. Vyuo vya Ulaya na Marekani navyo vina zao, ambazo huitwa za kiangazi kwa kuwa huko ndiko jua lilikohamia. Anayepata nafasi aende. Ila namwomba akumbuke jambo moja: mengi atakayofundishwa huko ni kweli, na baadhi yake yatakoma kuwa kweli ndege ikishatua JKIA.

Si kwamba Nairobi ni mgeni katika somo hili. Mkataba wa kimataifa unaozuia zile pete tano za Olimpiki zisibandikwe na kila muuza viatu unaitwa Mkataba wa Nairobi, kwa sababu ulipitishwa hapa Septemba 1981. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 40, inaitaka serikali iunge mkono, ikuze na ilinde haki za ubunifu za Wakenya. Shida yetu ni kwamba tunazungumza juu ya haki hizi kana kwamba ni kitu kimoja. Sizo. Ni haki kadhaa zilizopewa jina moja la ukoo, na kila moja ina kitu chake inacholinda, nchi inamoishia na siku yake ya kufa.

Chukua malalamiko yanayosikika sana: kwamba Wajapani walituibia kiondo, Waingereza wakataka kikoi, na Disney ikabeba "Hakuna Matata". Huwa yanasimuliwa kwa pumzi moja, kama wizi wa mtu mmoja. Kisheria hayafanani hata kidogo.

Disney iliomba "Hakuna Matata" isajiliwe Marekani mwaka 1994, mwaka ule ilipotoa filamu iliyoyavumisha maneno hayo, na usajili ukakamilika 2003. Afrika Mashariki ilikuja kuchachamaa mwaka 2018, watu zaidi ya 100,000 wakatia saini ombi la kupinga. Kilichosajiliwa ni alama ya biashara, tena ya fulana. Alama ya biashara haing'oi neno kwenye lugha. Inamzuia tu mfanyabiashara mwingine asilitumie kama chapa ya bidhaa za aina hiyo ndani ya nchi hiyo. Bidhaa na huduma zote duniani zimepangwa katika madaraja 45, na nguo ziko daraja la 25. Mwenye hoteli Diani akiyaandika maneno hayo ukutani kwa rangi nyekundu, hati ya Marekani haimgusi. Mshonaji wa Mombasa anayetaka kuuza fulana zenye maneno hayo kwa wateja wa Marekani kupitia mtandao, huyo ndiye anayepaswa kumuuliza wakili kwanza. Kwa hiyo hasira ya 2018 ilikuwa na msingi mwembamba zaidi ya ilivyodhaniwa, lakini haikuwa ya hewani.

Kikoi kilikuwa hadithi nyingine. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" kama alama yake. Hapa tatizo lilikuwa zito zaidi, kwa sababu neno lile ndilo jina la bidhaa yenyewe. Ukimpa mfanyabiashara mmoja neno "sufuria" kwa ajili ya kuuza sufuria, wenzake wote wataitaje bidhaa yao? Sheria za alama karibu kila mahali hukataa maneno ya namna hiyo. Lakini zinakataa vizuri zaidi pale mtu anapojitokeza kupinga. Safari ile shirika la Traidcraft la hukohuko Uingereza lilisaidia upinzani, na ombi likaachwa.

Mlango huohuo wa kupinga uko hapa. Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI, yenye ofisi zake South C, huchapisha maombi ya alama kwenye jarida lake, na mwenye pingamizi ana siku 60 tangu tangazo litoke. Sijui Mnairobi asiye wakili anayelisoma jarida hilo. Wengi huja kugundua jambo mwaka wa tatu baadaye, wakati kufuta alama iliyokwisha kusajiliwa ni kazi ngumu na ya gharama kuliko kuipinga mapema.

Sasa kiondo. Simulizi ni kwamba Japani "ilipatenti" kiondo. Mimi sijawahi kuonyeshwa namba ya hataza hiyo, yaani hiyo patenti, na kila ninapoiuliza, mazungumzo huhamia kwa Disney. Hata bila kutafuta namba, sheria yenyewe inaitilia shaka hadithi hii. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya, wenye hatua ya kiuvumbuzi ambayo fundi wa kawaida wa fani hiyo asingeifikia kirahisi, na unaoweza kutumika katika uzalishaji. Neno "mpya" lina maana kali: kitu kilichokwisha kujulikana popote duniani si kipya. Kikapu ambacho kina mama wa Ukambani na Murang'a wamekifuma kwa vizazi hakiwezi kuwa kipya Tokyo. Mtu anaweza kupata hataza ya mashine mpya ya kufuma, au kusajili usanifu wa umbo jipya la kishikio, na Kariokor ikaendelea kuuza viondo vyake kama kawaida.

Kilichowaumiza wafumaji ni vikapu vya kuiga, vya bei ya chini, ambavyo mnunuzi wa mbali hawezi kuvitofautisha na vya mkono. Hapo hataza haina msaada wowote, na ndiyo maana naona tumepoteza muda mwingi kumlaumu Mjapani asiyejulikana jina. Chombo kinachofaa ni alama ya pamoja. Wasusi wa vikapu wa Taita wamefuata njia hiyo: kikundi kinamiliki alama, kinaweka masharti ya ubora, na ni wanachama wanaoyatimiza tu wanaoruhusiwa kuibandika. Alama hiyo haimkatazi mtu yeyote kusuka kikapu. Inamkataza kukiuza kwa alama ya Taita ilhali si chao. Juu ya hilo, Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ambayo inaitambua jamii kama mwenye haki na haiwekei haki hiyo tarehe ya kuisha. Sheria ni nzuri kwenye karatasi. Inazitaka kaunti ziweke rejista za maarifa hayo, na mtu aulize kaunti yake imefika wapi.

Mkanganyiko mwingine huanzia kwenye simu. Mfanyabiashara wa Eastleigh anaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, anasajili jina la biashara, anapata cheti, anakiweka kwenye fremu. Anaamini jina ni lake. Cheti kile kinatoka kwa msajili wa biashara na kinasema tu kwamba fulani anafanya biashara kwa jina hilo. Chapa hulindwa kwa kusajiliwa KIPI, daraja kwa daraja, kwa miaka 10, kisha inahuishwa kila miaka 10 mradi ada inalipwa. Kati ya haki zinazosajiliwa KIPI, hiyo ndiyo pekee inayoweza kuishi milele. Hataza hufa baada ya miaka 20. Usanifu wa bidhaa hupewa miaka mitano mitano hadi 15. Kuna pia cheti cha uvumbuzi mdogo, cha miaka 10, ambacho fundi wa jua kali wa Kamukunji angepaswa kukijua kuliko sisi sote, kwa kuwa hakimdai ile hatua kubwa ya kiuvumbuzi. Kinadai kitu kiwe kipya na kinatumika. Aliyebuni jiko lenye namna mpya ya kutoa majivu asihangaike na hataza kamili.

Hakimiliki ndiyo iliyo tofauti na zote. Haiombwi. Ukishaandika, ukarekodi au ukachora, ipo. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ina daftari la kuandikisha kazi, na kuandikisha kunasaidia siku ya ubishi, lakini haki haikuzaliwa pale. Kwa kazi za maandishi, muziki na sanaa hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Uingereza ni 70. Matokeo yake ni kwamba mwandishi Mwingereza aliyefariki miaka 60 iliyopita yuko huru kuchapishwa Nairobi, na shehena ya vitabu hivyohivyo ikifika London inaweza kuwa na mwenyewe anayeingoja bandarini.

Hapa ndipo ningependa wanafunzi wetu wakae kidogo. Nenda Railways jioni, nganya za Rongai, yaani matatu zilizorembwa, zikipakia. Chagua moja. Ubavuni kuna sura ya mwanasoka iliyopulizwa kwa rangi, jasho linaonekana, nyuma yake jina la gari kwa herufi zinazopinda kama moshi. Nyuma ya dereva kuna skrini inayocheza video, na spika zinatikisa vioo. Muulize kila abiria: mchoro huu ni wa nani? Tisa kati ya kumi watasema ni wa kijana aliyeuchora, labda Buruburu, labda Industrial Area, maana ndiye aliyekesha na kopo la rangi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kifungu cha 31, inaanza kwa kukubaliana nao: haki huanzia kwa mtunzi. Halafu inageuka. Kama kazi iliagizwa na mtu mwingine, haki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Mwenye gari alimpigia fundi simu, akamwambia anataka nini, wakapatana bei. Hawakuandikiana. Kwa hiyo hakimiliki ya ule mchoro, kwa kawaida, ni ya mwenye gari. Akitaka kuuchapa kwenye kofia na kuziuza, fundi hana cha kumdai kwa msingi wa hakimiliki. Kinachombakia ni haki za kimaadili: haki ya kutajwa kuwa ndiye mchoraji, na ya kupinga mchoro wake usiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima.

Ndivyo ilivyo kwa mpiga picha za harusi, mbunifu wa nembo aliyelipwa kwa M-Pesa, na mtayarishaji wa tangazo la redio. Na ndipo semina ya nje inapoweza kumponza mtu. Uingereza, chini ya sheria yao ya 1988, mpiga picha aliyeagizwa hubaki na hakimiliki yake hadi aihamishe kwa maandishi. Marekani nako, kazi ya mtu aliyejiajiri haihami kwa kuagizwa tu, nje ya aina chache za kazi na tena kwa mkataba uliotiwa saini. Wakili kijana akirudi na jibu la huko na kumwambia mpiga picha wa Ngara "tulia, picha ni zako", amemwangusha mteja. Jibu la Nairobi ni karatasi moja, kabla ya kazi kuanza, inayosema haki zinabaki kwa mpiga picha na mteja anapewa ruhusa ya kuzitumia kwa hili na lile. Nimeona karatasi hiyo ikiandikwa nyuma ya risiti, na kwa kazi ndogo inatosha.

Bado hatujatoka kwenye nganya. Ile sura ya mwanasoka mara nyingi imenakiliwa kutoka picha ya gazetini au mtandaoni, na aliyepiga picha ile ana hakimiliki yake. Kuigeuza rangi hakumfuti. Mchezaji mwenyewe ana hoja yake juu ya sura yake, ila hiyo inatokana na faragha na heshima ya mtu, si hakimiliki. Muziki unaotoka kwenye spika umebeba haki mbili kwa wakati mmoja, ya utunzi na ya rekodi, na pia haki za walioimba na kupiga ala. Kuununua wimbo au kuupata kwenye flashi hakukupi ruhusa ya kuucheza mbele ya abiria. Hiyo ni leseni nyingine, inayotolewa na vyama vya kukusanya mirabaha, na malalamiko ya wasanii dhidi ya vyama hivyo ni makala nyingine kabisa. Mahali pamoja ambapo Bunge lilitia mkono moja kwa moja ni kwenye milio anayoisikia anayepiga simu akisubiri kujibiwa: marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Hakimiliki yanataka mwenye wimbo apate asilimia 52 au zaidi ya mapato.

Kuna na lile la wazo. Kijana ana wazo la programu, analipeleka kwa kampuni kubwa, anashukuriwa, na mwaka unaofuata kampuni inazindua kitu kinachofanana. Kesi za namna hii huwa ngumu kwa sababu wazo tupu halina ulinzi. Hakimiliki hulinda namna wazo lilivyotolewa, yaani maandishi, michoro, msimbo wenyewe. Hataza ya Kenya haitolewi kwa mbinu za kufanya biashara. Kinachobaki ni siri, na siri hulindwa kwa makubaliano yaliyotiwa saini kabla ya mdomo kufunguliwa. Mwenye uvumbuzi halisi ana tahadhari nyingine: akiuonyesha hadharani, Kenya inampa miezi 12 ya kuwasilisha ombi kabla hajapoteza sifa ya upya. Ulaya kwa kawaida haimpi hata wiki. Mwanafunzi anayejivunia kifaa chake kwenye maonyesho ya chuo huenda amefunga soko la Ujerumani bila kujua.

Na hata pale hataza ilipo halali na hai, haiko juu ya kila kitu. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa ghushi, na tafsiri yake ya neno "ghushi" ilikuwa pana mno hivi kwamba ingeweza kumeza dawa za jeneriki, yaani dawa zenye kiungo kilekile zinazotengenezwa na kampuni nyingine kwa bei nafuu. Dawa ghushi ni udanganyifu: ndani ya kopo hakuna kinachosemwa nje. Jeneriki ni dawa halali inayofanya kazi. Watu watatu wanaoishi na virusi vya ukimwi walikwenda Mahakama Kuu, Nairobi, mwaka 2009, wakisema sheria hiyo ingewakatia dawa zilizokuwa zikiwaweka hai. Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu vile, kwa kadiri vilivyohatarisha upatikanaji wa jeneriki, vilitishia haki ya kuishi, ya utu na ya afya, na haki hizo haziwezi kuwekwa chini ya maslahi ya mwenye hataza. Uamuzi huo husomwa nje ya Kenya kuliko unavyosomwa hapa, jambo ambalo sijaacha kulishangaa.

Nimeliacha la Bogoria mwisho kwa kuwa ndilo lalamiko ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko kiondo, kikoi na Disney kwa pamoja, na ndilo lisilosikika sana vijiweni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walichukua vijidudu vinavyoishi kwenye maji makali ya Ziwa Bogoria. Kutokana navyo kampuni ya Genencor ilitengeneza vimeng'enya vilivyotumika kufubaza jinzi na kuingia kwenye sabuni za kufulia. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza kwamba linadai fungu la Kenya, na ubishi ukawa juu ya vibali: vilikuwepo au havikuwepo, na viliruhusu nini.

Tofauti na kiondo, hapa hataza inaweza kuwa halali. Kijidudu kama kilivyo ziwani ni ugunduzi, na ugunduzi hauna hataza. Kimeng'enya kilichotengwa na kupewa kazi mpya kiwandani ni uvumbuzi. Kwa hiyo swali halikuwa "ni kipya?" bali "mlimwomba nani, na mlimwachia nini?" Swali hilo lina asili yake papa hapa: matini ya Mkataba wa Bayoanuwai, unaoitambua mamlaka ya nchi juu ya rasilimali zake za kijenetiki, ilikubaliwa Nairobi tarehe 22 Mei 1992, ukaanza kutumika Desemba 1993. Kenya iliweka kanuni zake za vibali na mgawo wa faida mwaka 2006.

Pengo lililobaki lilikuwa kwenye ofisi za hataza zenyewe, ambazo nyingi hazikulazimika kumuuliza mwombaji vijidudu vyake vilitoka wapi. Mei 2024, huko Geneva, nchi wanachama wa WIPO zilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji ataje nchi rasilimali ilikotoka na jamii iliyotoa maarifa, kama yapo. Utaanza kufanya kazi nchi 15 zikishauridhia. Lakini hauangalii nyuma: maombi yaliyowasilishwa kabla nchi haijafungwa nao hayaguswi. Anayetaka kuidai Bogoria atalazimika kutafuta makaratasi ya miaka ile, nani alitia saini kibali gani, na kwa masharti yapi.